Matofali Ishirini na Manne

Habari hii ni kweli tupu, kuanzia nukta ya kwanza hadi ya mwisho. Msimulizi wake ameapa mbele ya watu, barazani kwa Hasheem pale Tukuyu mjini, kwamba atakayekuta uongo humu ndani, hata uongo mdogo wa kuchovya kwenye chai, atalipwa mkungu mzima wa ndizi. Tena hautapakiwa kwenye baiskeli. Msimulizi mwenyewe ataubeba kichwani hadi mlangoni kwa mshindi, na mvua ikinyesha ataubeba hivyo hivyo. Na Tukuyu mvua inanyesha.

Basi. Ilikuwa mwaka tisini na sita, ruksa ya kila mtu kufanya biashara imekwisha kuingia kila mahali. Makoti ya mitumba yamefika mpaka Ikuti, maduka yana sabuni za rangi tano, na mtu mwenye ng'ombe wawili anazungumza habari za kununua Hiace. Katika hospitali moja ya misheni, ambayo jina lake tuliache lipumzike, kulikuwa na wodi ya mahututi yenye vitanda vinne na mashine mbili za kupumulia. Vitanda vilikuwa vya hospitali. Mashine zilikuwa za utafiti.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa nchi tisa. Madaktari wa Denmark, Uturuki, India, Brazili na kwingineko walikuwa wanasumbuliwa na swali moja: kwa nini mgonjwa anayepumuliwa na mashine, akishaanza kupona kile kilichomleta hospitali, huja kufa kwa nimonia aliyoipatia pale pale kitandani? Kila nchi ikatoa kituo, na Tukuyu ikawa Kituo Namba Saba. Kila asubuhi joto la mgonjwa linaandikwa, makohozi yanavutwa kwa mrija na kutazamwa rangi, mengine yanatiwa koponi, kopo ndani ya boksi la barafu, boksi ndani ya basi la Mbeya. Kila Ijumaa fomu zinapelekwa dukani kwa Hasheem, maana Hasheem ndiye aliyekuwa na mashine ya faksi peke yake kutoka Kiwira hadi mpakani.

Mhudumu wa wodi ile aliitwa Anyelwisye, mtu wa kijiji cha Masoko. Hakuvuka darasa la nne, lakini mabega yake yalikuwa mapana kama mlango wa kanisa, na kwa sura aliwashinda wanaume wote wa Rungwe. Wanaobisha ni wenye wivu, na wengi wao wamekwisha kufa. Nguvu zake ndizo usiseme. Siku moja alibeba jenereta begani kutoka Kiwira mpaka hospitalini, na jenereta linawaka.

Kazi yake ilikuwa kupiga deki, kupaka sakafu polishi nyekundu kila Jumamosi, kuwageuza wagonjwa na kuwasafisha vinywa. Kazi nyingine hakuna aliyemtuma.

Wazee wa Masoko hawamsalimu mtu aliyelala chali. Kwao salamu si neno la kumtupia mtu njiani ukapita. Unainama, unapiga makofi taratibu, unauliza habari za nyumba, za ng'ombe, za migomba na za mvua, na anayesalimiwa lazima akuelekezee kifua na uso. Aliyelala bapa hasalimiwi, huyo analiliwa. Sasa wodi ilipofunguliwa, wazee walikuwa wakija kuona jamaa zao, wanamkuta mtu amenyooka kama ubao na mpira wa kupumulia mdomoni, wanasimama mlangoni na kuvua kofia. Mama mmoja aliangua kilio cha msiba hadi mashine ikachanganyikiwa, ikaanza kupumua kwa kwikwi.

Anyelwisye alipoyaona hayo mara ya tatu, alikwenda nyuma ya jiko la hospitali, kwenye tanuri lililobomoka, akachagua matofali ya kuchoma ishirini na manne. Akaweka matatu chini ya kila mguu wa kitanda upande wa kichwani. Halafu akashona magunia manne, akayashindilia majani makavu ya migomba, akayafunika kwa turubai safi na kuyaingiza chini ya magodoro, usawa wa mgongo. Wagonjwa wote wanne wakakaa nusu, kama watu wanaosubiri kuletewa chakula.

Msimamizi wa wodi, Sista Esnath, alipoingia alisimama, mikono kiunoni.

"Anyelwisye, unajenga?"

"Nanyanyua wazee, Sista."

"Na wakiteleza?"

"Nimewawekea mito miguuni. Atakayeteleza atasimama, na akisimama amepona. Tumruhusu."

Esnath alijitahidi asicheke, akashindwa, na matofali yakabaki. Ni kweli kwamba siku ya kwanza, kabla ya mito, mgonjwa mmoja aliteleza akiwa usingizini, akatoka mlangoni, akashika barabara ya lami, akaja kupatikana Kiwira ameketi dukani anaagiza soda. Lakini hayo ni ya siku moja tu.

Tangu hapo wazee walikuja, wakainama, wakapiga makofi. Kwa kuwa mgonjwa ana mpira mdomoni, Anyelwisye alisimama kando ya kitanda na kuitikia kwa niaba yake: "Ndaga, ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, "ng'ombe hawajambo, migomba haijambo." Daktari Erasto, kijana mpole aliyesimamia utafiti upande wa Tukuyu, aliyaona matofali kila siku mpaka macho yake yakayazoea kama yanavyozoea ukuta. Hakuyaandika popote. Fomu ya utafiti ilikuwa na visanduku sabini na viwili, na cha matofali hakikuwemo.

Miaka miwili ikapita. Siku moja Hasheem alimwona Anyelwisye akipita mbele ya duka, akamwita huku amekamata karatasi ya faksi.

"Mzee wangu, njoo. Mmeshitakiwa."

"Kwa kosa gani?"

"Kwa kutokufa."

"Hasheem, mimi nina deki ya kupiga."

"Nakwambia kweli. Nimemsomesha mwanangu Kiingereza makusudi nisidanganywe na faksi. Vituo vingine, katika kila wagonjwa mia wa mashine, thelathini wanapata nimonia. Ninyi mna wagonjwa hamsini na wawili, waliopata ni watatu. Wakubwa wanasema hesabu hiyo ni nzuri kupita kiasi."

"Sasa uzuri umekuwa kosa?"

"Kwa mtu mwenye mashaka, ndiyo. Anakuja daktari wao, mama mmoja anaitwa Birgitte. Msipomweleza sababu, Kituo Namba Saba kinafutwa, na mashine zote mbili anaondoka nazo."

Anyelwisye alishika njia ya kurudi wodini. Alikuwa anamfikiria Ambwene.

Ambwene alikuwa mkulima wa chai wa Ikuti, baba wa watoto wawili, aliyejikata mguu kwa jembe akapata pepopunda. Alilala kitanda namba mbili, amepewa dawa za kulegeza mwili, na mashine ndiyo iliyokuwa inampumulia. Daktari Erasto alisema atahitaji wiki tatu hivi. Alikuwa amemaliza siku nane. Hesabu hiyo haikutaka mtu aliyesoma: mashine ikiondoka, Ambwene ataondoka kabla yake.

Mgeni alitarajiwa kwa treni. Jumapili asubuhi, baada ya ibada ya kwanza, Daktari Erasto alipanda gari kwenda Mbeya kumpokea, akalala huko, maana treni ile haikuwa na adabu ya saa. Sista Esnath alikuwa mapumzikoni kwa mama yake. Wodini alibaki muuguzi wa zamu, na Anyelwisye.

Jumapili hiyo hiyo alasiri, Daktari Erasto alisimama mlangoni mwa wodi, akatazama vitanda, akatikisa kichwa. "Ondoeni hayo matofali," akasema. "Mgeni asije akadhani tunalaza wagonjwa kwenye ujenzi. Vitanda vikae sawa, kama vya kwao." Anyelwisye alisikitika sana, lakini amri ni amri. Akayatoa matofali, akayatoa na magunia, akayarudisha nyuma ya jiko. Akatandika shuka zikanyooka kama mistari ya daftari. Wodi ikafanana kabisa na ile ya kwenye kalenda ya wafadhili iliyotundikwa ukutani.

Sista Esnath aliporudi Jumatatu akauliza, "Nani kaagiza haya?" Akaambiwa, "Daktari." Akanyamaza, kwa sababu daktari mwenyewe alikuwa anaingia na mgeni.

Daktari Birgitte alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye koti la mvua ambalo baada ya nusu saa ya mvua ya Tukuyu lilikata tamaa. Hakuwa mkali. Alisoma fomu zote za miaka miwili, moja moja. Akainua picha za eksirei dirishani na kuzilinganisha na maandishi. Akawauliza wauguzi kila mmoja peke yake. Karatasi zilikuwa safi, na usafi huo ukazidi kumtia shaka.

"Ninyi mnafanya nini hapa ambacho wengine hawafanyi?" aliuliza, na Erasto akatafsiri.

"Hakuna," akasema Erasto mwenyewe.

"Tunaomba Mungu," akasema Esnath.

Birgitte akaliandika na hilo, maana alikuwa mtu wa haki, ila alilitia alama ya kuuliza.

Anyelwisye alikuwa pembeni na deki yake. Kwamba matofali yana uhusiano wowote na nimonia hakuwahi kuota. Kwake yalikuwa ya heshima, na heshima hana hakika kama huandikwa kwenye fomu.

Jumanne jioni kifua cha Ambwene kikaanza kukoroma. Jumatano asubuhi joto likapanda hadi thelathini na tisa, na makohozi yaliyotoka kwenye mrija yakawa ya kijani. Birgitte aliyatazama, akavua miwani.

"Kumbe nimonia mnayo kama wengine," akasema taratibu. "Mlichokuwa hamna ni kuiandika."

Erasto alishindwa kutafsiri, lakini hakuna aliyehitaji. Kisha Birgitte akaeleza uamuzi: gari litakuja Alhamisi. Ambwene atapelekwa Mbeya, njiani atapuliziwa hewa kwa mfuko wa kuminywa kwa mkono, na mashine zitapakiwa. Anyelwisye alikitazama kifua kile kikipanda na kushuka kwa shida, akafikiria kona za barabara ya Mbeya, akajua kijana huyu hatafika.

Saa tisa alasiri, saa ya kutazama wagonjwa, akafika mzee Amoni, baba yake Ambwene, na wazee wenzake wanne, miguu imejaa tope la Ikuti. Walipofika mlangoni wakasimama. Mzee Amoni akaangalia kitanda namba mbili. Akavua kofia.

"Anyelwisye, mbona hamkutuma mtu kutuambia?"

"Kukuambia nini, tata?"

"Kwamba amekufa."

"Hajafa."

"Kama hajafa, kwa nini mmemlaza kama maiti? Siku zote namkuta ameketi. Leo mwanangu mmemnyoosha, halafu mnaniambia yu hai. Nimsalimu nani hapo?"

Wale wazee wanne nao wakavua kofia.

Anyelwisye alihisi uso unamwaka. Hakumtazama daktari, hakumtazama mgeni. Alitupa deki chini, akatoka mbio kwenda nyuma ya jiko, akayabeba matofali yote ishirini na manne kwa safari moja, kumi na mawili kila mkono, magunia ameyauma kwa meno. Akarudi wodini, akainua kitanda cha Ambwene kwa mkono wa kushoto, mgonjwa akiwa juu yake na mashine ikiendelea kupuliza, na kwa mkono wa kulia akapanga matofali. Esnath akasukuma gunia chini ya godoro, akauweka mto miguuni, akaushika mpira usivutike. Ambwene akakaa nusu, uso mbele.

Mzee Amoni akavaa kofia yake. Akainama, akapiga makofi.

"Ndaga," akaanza.

"Ndaga fijo," akaitikia Anyelwisye kwa niaba ya mgonjwa, huku anahema. "Ng'ombe hawajambo, tata. Chai haijambo."

"Huyu anafanya nini?" Birgitte akauliza. Erasto akaanza kumweleza kwamba ni mila tu, watu wa hapa hawasalimii aliyelala, ndiyo maana vitanda huwa vinanyanyuliwa, lakini safari hii...

"Huwa?" Birgitte akamkatiza. "Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Alimtazama Erasto kama mtu anayetaka sana kuamini na anaogopa. Hapo Anyelwisye akamwonyesha sakafu kwa kidole. Birgitte akapiga magoti pale pale kwenye maji ya deki. Chini ya vitanda vitatu vilivyobaki bapa, kila penye miguu ya kichwani, palikuwa na mstatili uliopauka, wenye ukubwa wa tofali, na polishi nyekundu imeuzunguka kama ukingo wa shimo. Jumamosi zaidi ya mia moja Anyelwisye alikuwa amepaka polishi akizunguka matofali bila kuyasogeza. Birgitte akakwangua ukingo kwa ukucha. Polishi ilibanduka tabaka juu ya tabaka, kama kitabu.

"Hii haiwezi kuandikwa kwa siku moja," akasema.

Akataka kipimo. Esnath akatuma mtu shule ya msingi, akaleta kile kipimapembe kikubwa cha mbao cha kutumia ubaoni. Wakakiweka ubavuni mwa Ambwene: nyuzi thelathini na nane. Birgitte akaketi sakafuni, mgongo ukutani, akawaeleza. Mtu akilala bapa na mpira kooni, uchafu wa tumboni na mdomoni hupanda kidogo kidogo, ukapita kando ya mpira na kuchuruzika hadi mapafuni. Ukimnyanyua, unabaki chini. Alishawahi kusikia madaktari wakilibishania jambo hilo mezani. Kituo kilicholifanya kila siku, kwa kila mgonjwa, kwa miaka miwili, hakuwahi kukiona.

"Maji hayapandi mlima," akasema Anyelwisye.

"Ila ya Tukuyu," akasema Esnath, "hayo yananyesha kutoka chini."

Gari la Alhamisi lilikuja, likarudi tupu. Vitanda vyote vinne vilikuwa vimepanda juu ya matofali yake. Ambwene akaongezewa dawa, Jumamosi joto likashuka, Jumatatu makohozi yakawa meupe. Wiki ya nne alitoka wodini kwa miguu yake, na kabla hajavuka mlango alirudi kusalimia kitanda kimoja kimoja, na kwa kila kitanda Anyelwisye akaitikia.

Birgitte mwenyewe alikwenda dukani kwa Hasheem kutuma faksi kwa vituo vyote. Fomu ikaongezwa kisanduku cha sabini na tatu: kichwa cha kitanda kimeinuliwa nyuzi ngapi? Majibu yakaanza kumiminika hadi karatasi za Hasheem zikaisha. Uturuki wametumia magogo. India wametumia matofali, na wanauliza ya Tukuyu yana unene gani. Brazili wametumia magunia ya kahawa. Mwaka haujaisha, nimonia katika vituo vyote tisa ikawa imepungua nusu, na Kituo Namba Saba kikaletewa mashine ya tatu. Jarida la utafiti lilipochapishwa lilikuwa na majina ya madaktari arobaini na mmoja, na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, shukrani kwa Anyelwisye wa Masoko, kwa sakafu na kwa matofali. Hasheem aliukata ukurasa ule, akautia kwenye fremu na kuutundika juu ya mizani. Uko pale hadi leo, na sukari inapimwa chini yake.

Msimulizi alipofika hapo alifunga daftari, akasubiri makofi. Barazani walikuwepo watu kama kumi, na waliopiga ni tisa. Wa kumi alikuwa Sista Esnath, mstaafu sasa, ameketi na kikombe chake cha kahawa.

"Habari nzuri," akasema. "Ya jenereta nimeisamehe. Ya soda nimeisamehe. Matofali kumi na mawili kila mkono nayo nimeyasamehe, ingawa mimi ndiye niliyesukuma toroli. Sasa niambie. Daktari Erasto aliondoka lini kwenda Mbeya?"

"Jumapili asubuhi."

"Akalala wapi?"

"Mbeya."

"Na Jumapili alasiri aliyesimama mlangoni kuagiza matofali yaondolewe ni Erasto gani?"

Hasheem aliacha kupima sukari.

"Mwaka jana nimekutana naye Mbeya," Esnath akaendelea. "Akaniuliza, Sista, hivi siku ile kwa nini uliyatoa? Miaka yote alidhani ni mimi. Mimi nilidhani ni yeye. Muuguzi wa zamu aliambiwa ni agizo. Nani alimwambia, Anyelwisye?"

Msimulizi alilitazama daftari lake, kisha mabega yake, ambayo kusema kweli ni ya kawaida tu.

"Ile kalenda," akasema mwishowe. "Vitanda vyao vimenyooka vizuri. Niliona haya, Sista. Nilifikiri mgeni atacheka wodi yangu. Kidogo nimuue mtoto wa Amoni kwa sababu ya shuka."

"Na uliyarudisha wewe."

"Niliyarudisha."

"Basi hapo umesema kweli." Esnath akamalizia kahawa yake, akasimama, akajifunga kanga. "Mkungu nataka wa matoke, tena ulioshiba. Mimi natangulia kubandika sufuria."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hao hawakuwahi kuupanda mlima wa kwenda kwa Esnath, mvua inanyesha, mkungu uko kichwani, na nyuma yako Hasheem amefunga duka kabisa ili aje kuhakikisha unafika.